Swali la Pili Kando ya Ziwa

Mwaka 1974 Henry Odera Oruka, mhadhiri wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alianza kazi ambayo haikuwa imezoeleka katika fani yake. Alichukua kinasa sauti akawafuata vijijini wazee waliosifiwa na majirani zao kwa busara, akakaa nao na kuwauliza juu ya Mungu, kifo, uhuru, wema na ubaya, usawa wa mume na mke. Wakati huo wasomi wengi wa Ulaya, na hata baadhi ya wa kwetu, walishikilia kwamba Mwafrika hafikiri peke yake. Padri Placide Tempels, Mbelgiji aliyehubiri Kongo, alikuwa ameeleza falsafa ya Wabantu katika kitabu cha mwaka 1945 kana kwamba mamilioni ya watu wana wazo moja, na kila mmoja analibeba bila kujua kwamba analibeba. Odera, mzaliwa wa Ugenya katika Siaya ya leo, hakuyakubali hayo. Baba yake mwenyewe, Oruka Rang'inya, alikuwa mmoja wa wazee aliokuja kuwahoji.

Maswali yake hayakunishangaza, maana hakuna mtu mzima asiyekuwa nayo. Kilichonishika ni namna alivyouliza. Mzee akisema, "Sisi Wajaluo twaamini hivi na hivi," Odera alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akarudi kwake: hayo ndiyo wayasemayo watu wako, na wewe mwenyewe waonaje? Wapo waliorudia yale yale kwa maneno mengine. Hao aliwaheshimu kama hazina ya hekima ya jamii. Wapo waliofikiri, kisha wakasema jambo ambalo jamii yao haikuwa ikilisema, na wakatoa sababu. Paul Mbuya Akoko, aliyewahi kushika cheo cha Ker katika chama cha Luo Union, alisema kwamba Wajaluo walikosea kudhani wana Mungu wao peke yao. Kama kungekuwa na miungu wengi, ulimwengu ungekwenda ovyo, na hauendi ovyo. Mzee Rang'inya alikwenda mbali zaidi, akasema kwamba Mungu ni wazo linalosimamia wema, nalo ni wazo lenye faida kwa watu. Haya yalisemwa na wazee wa kando ya Ziwa Viktoria, wala hayakutoka katika kitabu chochote.

Nami nilikwenda Kisumu kwa ajili ya swali hilo la pili. Tangu nistaafu ualimu Mombasa, asubuhi zangu zilikuwa zimekosa mwenyewe. Watoto wana nyumba zao, deni la benki limekwisha, afya ninayo, na kila nikiamka nilijikuta nauliza: sasa niko hapa kwa ajili ya nini? Nilisikiliza mawaidha msikitini, yakanifaa. Nilisikiliza pia wale wa redioni wanaofundisha watu "kutimiza ndoto", na sikupata kitu. Nikaona heri niwaendee watu wanaoamka kwenda kazini gizani, niwaulize wao, na wakishanijibu niwaulize tena.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani Desemba 1901, na pale ilipokomea Waingereza wakapaita Port Florence, kwa jina la mke wa mhandisi Ronald Preston. Wenyeji waliendelea na jina lao, na jina lao ndilo lililobaki. Mimi nilikwenda kwa basi, nikashuka alfajiri, jasho la usiku likiwa bado shingoni, nikachukua tuktuk moja kwa moja hadi Dunga.

Dunga ni ufuo mdogo kusini mwa mji, umezungukwa na mafunjo marefu kuliko mtu. Saa kumi na mbili mashua zinaingia. Kila moja ina jina ubavuni kwa rangi ya mafuta, majina ya watoto, ya timu za mpira, ya aya za Biblia. Wanawake wanasubiri na mabeseni, wameingia majini mpaka magotini, na mashua ikigusa mchanga bei inaanza kabla injini haijazimwa. Mbuta mkubwa hushikwa kwa vidole viwili chini ya shavu, akanyanyuliwa hadi kwenye mizani ya kuning'inia. Mwenye kitabu anaandika kilo, jina la mashua na jina la mnunuzi, na hapo ndipo mafuta ya injini yanatolewa kwanza, kisha sehemu ya mwenye mashua, kisha vijana wanagawana kilichobaki. Asubuhi ile kilichobaki kilikuwa kidogo. Kijana mmoja alihesabu noti zake, akazihesabu tena, akazitia mfukoni bila kusema neno.

Pembeni, chini ya mti, mzee mmoja alikuwa anashona wavu. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimeushika uzi wavu usilegee, na sindano yake, ya plastiki, bapa, yenye uzi wa kijani umezungushwa ndani, ilikuwa inaingia na kutoka bila yeye kuitazama.

"Oyawore, Jaduong'," nikamwamkia.

"Oyawore ahinya, mgeni wetu. Kaa."

Nilikaa juu ya boya. Tulizungumza bei, tukazungumza mafuriko ya mwaka 2020, ziwa lilipopanda mpaka nyumba za ufukweni zikaingia maji, na gugumaji ambalo tangu miaka ya 1990 huja likafunga ghuba nzima na kuondoka kwa upepo likitaka. Alipoona sinunui samaki akaniuliza shida yangu. Nikamwambia. Hakucheka. Alisema, kama mtu anayetaja jina la baba yake, kwamba mwanamume anaishi ili aache dala. Boma lake, nyumba ya mke, simba, yaani nyumba, ya kijana wake wa kwanza karibu na lango, na kaburi lake humo humo, ili wajao wajue walikotoka.

Jibu hilo lina uzito ambao mtu wa mjini huenda asiupime. Wakili Silvano Melea Otieno alipofariki Nairobi Desemba 1986, mkewe Wambui alitaka amzike kwenye shamba lao karibu na Ngong. Ukoo wa mumewe, Umira Kager, ukasema hapana, Mjaluo huzikwa kwao. Kesi ikajikokota miezi mitano, maiti ikingoja, Kenya nzima ikisoma magazeti. Odera Oruka mwenyewe alisimama kizimbani kama shahidi mjuzi wa mila, upande wa ukoo. Mei 1987 Otieno akazikwa Nyalgunga, Siaya. Nimeisoma kesi hiyo mara nyingi, na kinachonikereketa si nani alishinda. Ni kwamba pande zote mbili zilileta mashahidi wa kueleza marehemu alitaka nini, mchimba kaburi akasema hivi, mjane akasema vile, na mwenye jibu amelala. Ukoo ulikuwa na jibu la kwanza, tayari, kamili, la karne nyingi. Jibu la pili la Otieno halikuwa limeandikwa popote.

Basi nikamuuliza mzee wa Dunga: hayo ni ya Wajaluo wote, na wewe mwenyewe, Jaduong'?

Sindano ikasimama. Alikaa hivyo muda, kisha akaanza kunitajia samaki. Fulu wa aina aina, wenye mapezi mekundu, wenye tumbo la manjano, ambao akiwa mtoto aliwatoa kwa kikapu tu karibu na mafunjo. Ngege wa zamani, si huyu wa mabwawa. Alitaja majina kwa Kijaluo, moja baada ya jingine, na vijana waliokuwa karibu wakaacha maneno yao kusikiliza, maana hawakuyajua. Mbuta alitiwa katika ziwa hili katika miaka ya 1950 na 1960 kwa nia ya kuleta uchumi, na uchumi ukaja kweli. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa, viwanda vikajengwa, minofu ikapelekwa Ulaya, na fulu wa aina nyingi sana hawajaonekana tena.

"Nimejenga dala," akasema. "Nina watoto, nina wajukuu. Lakini nimevua maisha yangu yote, na ziwa nililopewa silo ninaloacha. Hilo linaniamsha usiku." Ndiyo maana, akaeleza, siku hizi yumo katika kamati ya ufuo inayokamata nyavu za matundu madogo. Amekamata wavu wa mpwa wake. Dada yake hasemi naye. "Nataka kumaliza hili kabla sijalala. Watu husema mtu huacha dala. Mimi nasema aache na maji."

Odera Oruka, katika miaka yake ya mwisho, aliandika kwamba wakazi wa dunia ni watoto wa mzazi mmoja, wengine matajiri wengine maskini, na hakuna anayeweza kusema mali yake haimhusu nduguye. Mzee wa Dunga hakuwahi kumsikia. Aliyafikia hayo kwa njia yake, akiwa na wavu mguuni, na gharama yake ilikuwa ni dada.

Kijana aliyenitoa Dunga kwa bodaboda hadi Kondele alinisikiliza njia nzima, kisha tuliposhuka akavua kofia yake akanijibu kwa adabu lakini bila kuficha: "Mzee wangu, hilo ni swali la mtu aliyeshiba." Ana stashahada ya uhasibu. Pikipiki si yake. Kila jioni anampelekea mwenyewe hesabu yake, ipatikane isipatikane. Kondele ni pale ambapo baada ya uchaguzi wa 2007 na tena wa 2017 vijana walipigwa risasi, na yeye alizika rafiki. Nilimuuliza mara ya pili kama nilivyowauliza wengine. "Sina jibu, mzee. Nikipata kazi nitakuwa nalo." Akawasha pikipiki, akawahi abiria mwingine.

Sitalipamba jibu lake. Sikubaliani kwamba swali ni la walioshiba, kwa sababu mzee wa kule ufukweni hakuwa ameshiba. Ila mzee alikuwa na kazi iliyomchosha kwa miaka mingi, na ndani ya kazi hiyo ndipo swali lilipomkuta. Ukimnyima kijana kazi unamnyima riziki, na juu ya hapo unamnyima mahali pa kusimama ajiulize anaishi kwa ajili ya nani. Viongozi wetu wanaowaambia vijana watafute kusudi la maisha yao wangeanza na hilo.

Kutoka Kisumu barabara ya Bondo inapita Seme, na kilomita 30 hivi kutoka mjini mawe makubwa yanatokea yamepandana juu ya mashamba, marefu kuliko mti wowote uliopo. Hapo ni Kit Mikayi, yaani jiwe la mke wa kwanza. Wenyeji wanasimulia juu ya mzee Ngeso, aliyependa pango la mawe haya hata akawa anaingia kila asubuhi na kushinda humo mpaka jioni. Mkewe alimpelekea chakula. Watu wakimuuliza mumewe yuko wapi, alisema ameenda kwa mke wake wa kwanza.

Waongoza wageni wanasimulia hadithi hiyo kama kichekesho cha mapenzi. Mimi naisikia vingine. Yule ni mtu aliyekimbilia upweke kutafuta jambo, na upweke wake wote ulibebwa kichwani na mwanamke, ndani ya kikapu, asubuhi na mchana. Vitabu vingi vya watu waliokwenda jangwani na milimani kujitafuta havisemi chakula kilitoka wapi. Watu wa Seme wamekisema.

Kati ya mawe kuna nafasi ya kupita mtu mmoja, na ndani kuna ubaridi na harufu ya mishumaa. Waumini wa Legio Maria huja hapa kufunga na kusali. Kanisa lao lilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, likajitenga na Kanisa Katoliki likiongozwa na Simeo Ondetto na mwanamke mmoja kijana, Gaudencia Aoko. Aoko alifiwa na watoto wawili siku moja mwaka 1963. Wengine wangelaani au wangetafuta mchawi. Yeye alitoka akahubiri dhidi ya uchawi na woga wa uchawi, akachoma hirizi za watu, akabatiza umati kwa umati kote Nyanza, katika nchi ambayo mwanamke hakuwa akipewa madhabahu. Kabla yao alikuwapo Yohana Owalo wa Asembo, aliyepita kwa Wakatoliki, kwa Waislamu na kwa Waprotestanti, na baada ya kusema alipata maono mwaka 1907 akaanzisha Nomiya, kanisa la kwanza la Kenya lililoasisiwa na Mwafrika. Ziwa hili lina historia ndefu ya watu wasiotosheka na jibu walilopewa.

Mwanamke niliyemkuta pangoni alikuwa amevaa kanzu ya buluu na rozari kubwa, miguu mitupu, yuko katika kufunga. Nilingoja amalize. "Mama, samahani," nikamwambia, nikamweleza. Jibu la kwanza lilikuwa la imani, na alilitoa kwa uso uliotulia: tumeumbwa tumjue Mungu, tumtumikie, Mama Maria atuombee. Nikamuuliza la pili nikihofia ataliona kama dharau.

Hakuliona hivyo. "Nyumbani wananiita kutwa," akasema. "Mama chumvi iko wapi, mama ng'ombe amekata kamba, mama mtoto anaumwa. Nakuja hapa siku tatu hakuna anayeniita. Siku ya kwanza nafurahi. Siku ya pili naanza kusikia mimi nataka nini. Siku ya tatu nawakumbuka." Nikamuuliza kile anachokisikia siku ya pili. Alinitazama, akasema hilo ni lake na Mungu wake. Hakuna aliyemletea chakula kama yule mzee wa hadithi. Alikuwa anafunga, na huko nyumbani alikuwa amewaachia kilichopikwa cha kuwatosha.

Nilikuwa nimeanza kujijengea fikra kwamba maana ya maisha ni kuitwa: kwamba mtu akiwa na wa kumwita hatauliza anaishi kwa ajili ya nini. Mama yule aliivunja. Yeye anaitwa kuliko watu wote niliowahi kuzungumza nao, na bado anahitaji siku ya pili.

Asembo nilipita kwa haraka, ingawa eneo hilo linastahili makala yake. Owalo ametoka hapo. Daktari Margaret Ogola pia alizaliwa hapo mwaka 1958. Riwaya yake ya The River and the Source, iliyotoka 1994, inaanza kwa kuzaliwa mtoto wa kike, Akoko, na kufuata ukoo mzima kupitia kwa wanawake. Mwenyewe aliwahi kuongoza kituo cha kulea mayatima wenye virusi vya Ukimwi Nairobi, akafariki mwaka 2011. Kutoka pwani hiyo ya Siaya nilikwenda Luanda K'Otieno nikapanda feri hadi Mbita, na kutoka Mbita nikavuka daraja hadi kisiwa cha Rusinga.

Rusinga amezikwa mwanasiasa Tom Mboya, katika jengo lenye umbo la risasi, kwa kuwa risasi ndiyo iliyomuua Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Alikuwa na miaka 38. Ndege ya kwanza ya wanafunzi aliyosaidia kuipeleka Marekani mwaka 1959 ilikuwa na vijana 81, na baadaye wakafuata mamia. Kisiwa hicho hicho ndipo Mary Leakey alipookota mwaka 1948 fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita. Nilisimama kaburini kwa Mboya nikiyawaza mawili hayo pamoja, miaka 38 na miaka milioni 18, nikitaraji kujiona mdogo. Sikujiona hivyo. Wale vijana 81 walipanda ndege, na urefu wa zama hauwashushi.

Jambo lililonipa safari yangu lilikuwa ufukweni, mchana wa jua kali. Omena, wale samaki wadogo, huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu ya maji. Mwezi ukiwa mkubwa mashua hupumzika. Omena wakifika nchi kavu humwagwa juu ya nyavu kuukuu zilizotandikwa chini, na wanawake hupita wakiwageuza kwa mikono wakauke pande zote, macho yakiwa magharibi kwa kuogopa mvua, kwa maana mvua moja hugeuza chakula cha watu kuwa chakula cha kuku na bei ikaanguka. Wakikauka hupimwa kwa gorogoro. Ili kuwapata kutoka mashuani, wanawake wengi kwa miaka mingi wamelazimishwa kumpa mvuvi mwili pamoja na fedha. Huku kuna jina la jambo hilo, jaboya, na kila mtu analijua. Lilisaidia kueneza Ukimwi katika kaunti hizi za ziwani, Homa Bay, Kisumu, Siaya na Migori, ambazo zimeongoza Kenya nzima kwa maambukizi. Kule Nduru, Nyakach, tangu 2011 wanawake walipata mashua zao wenyewe ili waachane na unyama huo. Naandika haya wazi kwa sababu kuzungumza juu ya maana ya maisha bila kusema nani analipa gharama ya maisha ni uongo.

Bibi niliyekaa naye, watu walimwita Dani, nami nikamwita hivyo. Analea wajukuu, watoto wa binti zake wawili waliokufa. Mmoja, msichana wa miaka kumi hivi, alikuwa akigeuza omena kando yake kwa kasi ile ile. Nilimuuliza.

"Nyasaye ameniachia hawa," akasema. Basi.

"Na wewe mwenyewe, Dani?"

Aliendelea kugeuza mpaka mwisho wa wavu, akarudi. "Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza." Kisha, polepole, akasema kwamba anataka ifike siku ambayo hawa hawamhitaji. Huyu ajue kununua mashuani bila mwanamume kumwekea sharti. Mdogo amalize shule. Siku hiyo atakaa chini ya ule mwembe pale, na hapo ndipo atajua yeye ni nani, kwa sababu tangu aolewe akiwa msichana hajapata nafasi ya kujua. "Wewe Mwalimu," akasema, "watoto wako wamekua. Wewe umefika huko. Niambie kukoje."

Sikuwa nimetegemea niulizwe. Nilimwambia ukweli: kuna nafasi, na asubuhi ni ndefu, na mtu akifika huko bila kujiandaa hukuta amebeba ujuzi wa miaka 30 na zaidi ambao hakuna anayeuomba. Nilimwambia kwamba ningali naamka saa kumi na moja kama mtu mwenye kipindi cha kwanza.

Alinisikiliza kama mtu anayepewa habari za nchi atakayohamia. Aliniuliza kama kule kuna watoto. Nikasema wapo, mtaani, wengi. Wanajua kusoma? Wengine vizuri, wengine kwa taabu. "Sasa?" akasema. Nikakosa la kujibu. Akanionyesha upande wa wavu ambao haujageuzwa, nami nikainama nikaanza, msichana akinisahihisha mkono: unapitisha vidole chini, hupapasi juu.

Tangu nirudi Mombasa nimeanza kukaa barazani kila alasiri na watoto wa mtaa na vitabu vyao. Sisemi kwamba nimepata kusudi la maisha yangu. Asubuhi bado ni ndefu. Lakini nimejua kwamba jibu la kwanza, liwe la ukoo, la dini au la vitabu, halikosi ukweli, na kwamba bado halijawa langu mpaka mtu anikalie na kuniuliza mara ya pili. Nilikwenda Kisumu kuwauliza wengine, na aliyeniuliza mimi alikuwa Dani.

Odera Oruka alitoa kitabu chake juu ya wazee wale mwaka 1990. Baba yake na Paul Mbuya walikuwa wameshafariki. Mawazo yao tunayo kwa sababu kuna aliyekwenda akawauliza wakiwa hai. Yeye mwenyewe alifariki Desemba 1995, akiwa na miaka 51. Msomaji wangu, una mama, una babu, una jirani mzee ambaye umemwamkia miaka yote bila kumuuliza anaishi kwa ajili ya nini. Nenda kabla hajazikwa na jibu lake. Akikujibu, usiondoke. Muulize tena, umsubiri, na uyaandike atakayosema.